Ngazi ya Mgeni

Mama Pacha alikwisha kuandika maombi manne ya ruzuku, na yote manne yalijibiwa kwa mdomo mmoja: asanteni sana, kwa bahati mbaya, tunawatakia kila la heri. Jibu la nne alilibandika ukutani mwa duka lake la ushonaji, kati ya kioo na kalenda, ili kila akiinua kichwa kutoka kwenye cherehani amtazame adui yake machoni.

"Kila la heri," alirudia mama mkwe wake alipopelekewa habari. "Hiyo heri ukiichanganya na mchanga inakuwa zege?"

"Haiwi, Mama."

"Basi warudishie."

Mama mkwe alikuwa na haki ya kukasirika. Mtaa wao uliparamia kilima kama mbuzi, nyumba thelathini na kitu zimeng'ang'ania udongo kwa kucha, na njia ya kuteremka barabarani ilikuwa moja tu. Kuiita njia ni kuipamba. Ulikuwa mteremko wa udongo mwekundu uliochimbwa na maji ya mvua, na matairi ya zamani yamefukiwa hapa na pale yawe vidato. Kiangazi ulikuwa vumbi, masika ulikuwa sabuni. Mwaka uliopita mama mkwe aliteleza kwenye tairi la tano kutoka juu akavunjika nyonga. Hospitalini walimuunga, akapona, akapewa fimbo. Ila kushuka hakushuka tena. Siku moja wanaume wanne walimketisha kwenye kiti wakamteremsha kwenda kliniki, na aliporudi alitangaza kwamba hiyo ndiyo ya mwisho. "Nikifa mtanibeba mnavyotaka. Kwa sasa niacheni nijibebe."

Miezi kumi na mmoja sasa alikuwa anakaa mlangoni. Shoga yake wa tangu usichana aliishi ng'ambo ya barabara, kwenye nyumba yenye bati la bluu, na ukiwa pale mlangoni unaiona vizuri. Lakini naye miguu ilikuwa imemvimba, kupanda hawezi. Basi wazee hao wawili walikuwa wakipigiana simu huku wakitazamana kwa mbali, kila mmoja akipunga kitambaa. Ungewaona ungecheka, kisha ungenyamaza.

Mama Pacha alimpenda mama mkwe wake, na hilo ndilo lililomfanya aandike maombi manne. Alikuwa pia na sababu ya pili, ambayo hakuiandika popote. Mkwe ni mkwe, lakini mkwe asiyetoka nyumbani ni serikali. Alijua sukari iliyobaki, alijua pacha yupi hajapiga mswaki, alijua saa aliyorudi mwanawe, yaani Baba Pacha, na alikuwa na maoni kuhusu yote matatu.

Sasa, chama cha mtaa kilikuwepo. Kilikuwa na cheti cha usajili, kimetiwa kwenye fremu na kutundikwa sebuleni kwa Mwenyekiti, dereva wa lori mstaafu ambaye watu walimwita Breki kwa kuwa miaka thelathini barabarani hakuwahi kumgonga hata kuku. Mama Pacha alikuwa katibu. Alichaguliwa kwa sababu ana stashahada, ana duka chini kabisa ya mteremko ambapo kila mtu lazima apite, na hana haya ya kuwaambia watu wanyamaze.

Msaada ulikuja kutoka upande ambao hakuutazamia. Mteja mmoja, mama mwenye miwani anayefanya kazi ofisi ya shirika fulani mjini, alileta sketi ya kijivu ipanuliwe kiunoni. Akiwa anasubiri, amejifunga kitenge, akasoma lile jibu la ukutani.

"Na ombi lenyewe liko wapi?"

Mama Pacha alilitoa kwenye droo ya vifungo. Kurasa thelathini na moja. Yule mama alisoma, nyusi zikimpanda taratibu.

"Nani kaandika?"

"Mimi."

"Una maneno matamu. Ungekuwa unaposa, ungepewa mke siku hiyo hiyo."

"Na kwa ruzuku?"

"Nipe kwanza sketi yangu. Nisije nikasema ukweli nikafukuzwa na kitenge."

Mama Pacha alicheka, akampa. Yule mama alijifunga zipu, akakaa, akanyoosha kidole kwenye ukurasa wa sita.

"Mnataka ukumbi. Mnataka kompyuta. Mnataka jezi. Mnataka bwawa la samaki. Dada yangu, bwawa la samaki juu ya kilima?"

"Hilo la seremala. Alisema asipowekewa chake hatii saini."

"Na vyerehani sita?"

Mama Pacha akaanza kutafuta uzi ambao haukuwa umepotea. "Hivyo vyangu."

"Njia yenu mmeitaja ukurasa wa ishirini na mbili, mistari minne. Haya, niambie. Wewe ukiletewa kitambaa unaanza na nini? Mkasi?"

"Naanza na kupima."

"Huyu mfadhili ulimpima?"

Kimya.

"Wakfu huu unagharamia vitabu vya watoto. Wameandika wenyewe kwenye barua yao pale ukutani, chini ya jina lao. Wewe umempelekea suruali mtu aliyekuja kununua kofia. Suruali inaweza kuwa nzuri mno, lakini kichwani haikai."

Kwa robo saa iliyofuata yule mama alisema mengi kuliko semina zote mbili alizowahi kuhudhuria Mama Pacha, zile za kugawiwa kalamu na soda. Watafute wanaofadhili kitu chenu hasa. Angalia walimpa nani mwaka jana, na kiasi gani, usiombe ndovu kwa mtu anayegawa kuku. Piga simu uulize kabla hujaandika. Omba kitu kimoja. Mweleze nani anaumia, wangapi, na uwe na ushahidi. Na useme mkishajengewa nani atakitunza, maana hakuna anayependa kununua kitu cha kuoza.

"Sketi ni kiasi gani?" akauliza akisimama.

"Sketi hiyo nimekupa," alisema Mama Pacha, naye si mtu wa kutoa bure. Mtaa mzima ulilizungumza jambo hilo.

Wiki mbili alipima. Jioni alikaa na simu yake akisoma kurasa za wafadhili mmoja baada ya mwingine, akiwakata kama vipande vibaya: huyu visima, huyu mashamba, huyu ni wa nchi nyingine kabisa. Wa kumi na tatu ulikuwa wakfu mdogo uliosaidia mitaa kutengeneza njia ambazo wazee na walemavu wanaweza kupita. Mama Pacha alisoma mara mbili, akavua miwani, akaifuta, akasoma ya tatu. Asubuhi akapiga simu. Sauti ya upande wa pili ilisema: tuletee kurasa mbili tu, tukizipenda tutaomba zaidi.

Ulibaki mkutano wa kuliua bwawa la samaki.

"Kwa hiyo mimi sina faida katika chama hiki," alisema seremala, mikono kifuani.

"Una faida ya miguu. Unapita njia ile kila siku au unaruka?"

"Napita."

"Umeanguka mara ngapi?"

"Sihesabu."

"Mbili," ilisikika sauti ya mama mkwe, kwa kuwa mkutano ulifanyika uani kwake, hataki mkutano asiouona. "Na mara ya pili ulikuwa na mlango wa watu mgongoni. Ulifika chini umeupanda kama farasi."

Watu walicheka mpaka mwenyewe akacheka. Bwawa likafa kifo chema. Vyerehani sita vilikufa pia, na Mama Pacha alivizika mwenyewe bila hotuba.

Ila kicheko kile kilizaa jambo. Mama Pacha alimnunulia mama mkwe daftari. Kuanzia siku hiyo bibi yule alikaa mlangoni na kalamu, akaandika kila aliyepita na kila aliyeanguka, tarehe na mzigo aliobeba. Aliifanya kazi hiyo kama karani wa mahakama. Muuguzi, ndoo ya maji, goti. Mchungaji, hana mzigo, aibu tu. Mjamzito wa nyumba ya juu, alikaa chini kwa hiari, akateleza kwa makalio mpaka barabarani, alisema ni salama zaidi. Miezi mitatu, watu kumi na tisa. Mama Pacha alilinakili daftari lile kwa mwandiko mzuri, akaongeza barua ya zahanati na picha nne za mteremko siku ya mvua. Akaomba ngazi ya zege na vyuma vya kushikia, basi.

Kurasa mbili zikapendwa. Wakajaza fomu ndefu. Na siku moja ikaja barua: mwakilishi wetu atafika Alhamisi, saa nne asubuhi, kujionea hali halisi kabla bodi haijakaa.

Mwenyekiti aliisoma kwa sauti, akaibusu. "Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Bahati mbaya, Jumatatu ya wiki hiyo hiyo dada yake Mama Pacha alijifungua, mji wa pili, mwendo wa saa tatu kwa basi. Hana mtu mwingine. Mama Pacha alifunga duka, akafunga begi, akamwita Mwenyekiti barabarani.

"Narudi Alhamisi asubuhi, kabla ya saa nne. Mgeni apokelewe vizuri, Mwenyekiti. Tusiaibike."

"Katibu," alisema Breki, mkono kifuani, "nenda ukalee. Aibu haitatukuta."

Wala hakuwa anatania.

Alhamisi saa tatu na dakika kumi Mama Pacha aliteremka kwenye basi, begi begani, akavuka barabara, akapita duka lake, akainua macho. Akasimama. Alifikiri amekosea kituo.

Matairi hayakuwepo. Tope halikuwepo. Kutoka chini mpaka juu kulikuwa na vidato, vimenyooka kama mstari wa rula, kila kidato ni gunia la mchanga lililolazwa, likafunikwa changarawe, juu yake unga wa mbao, mwekundu na laini kama zulia la harusi. Pembeni palikuwa na miti iliyochimbiwa, imefungwa kamba ya kushikia. Makopo ya rangi yenye maua yalipangwa kila baada ya hatua kumi. Na katikati ya pepo hiyo alisimama Mwenyekiti ndani ya suti, jasho limemtoka, meno yote nje.

"Karibu nyumbani, Katibu!"

"Mmefanya nini?"

"Tumejiandaa! Siku tatu hatujalala. Seremala katoa unga wake wote. Wanawake wamesomba mchanga kutoka mtoni. Hata mchungaji kabeba gunia."

"Breki. Tope liko wapi?"

"Tumelizika."

"Na matairi?"

"Tumeyaficha nyuma ya nyumba ya muuguzi. Utampokeaje mgeni na matairi?"

Mama Pacha aliweka begi chini, kwa sababu mikono ilikuwa imeanza kutafuta kitu cha kurusha. Majirani walikuwa wamejitokeza milangoni, wamevaa vizuri, wanamtazama wakisubiri sifa. Ndiyo maana hakupiga kelele. Nani hajafanya hivyo? Yeye mwenyewe, akisikia mtu anakuja, si huwa anasukumia vitambaa vyote nyuma ya pazia? Mgeni haonyeshwi jikoni. Wamelelewa hivyo wote, na yeye ndiye aliyewaambia wasiaibike.

"Mwenyekiti wangu," alisema kwa sauti ya chini, "huyu mgeni anakuja kuona tope. Hakufuata kingine. Akikosa tope, anarudi zake na pesa zake."

Tabasamu la Breki lilipungua jino moja moja. Alikuwa dereva mzuri. Akionyeshwa shimo, huliona. "Tuifumue ngazi?"

"Tuifumue. Una dakika arobaini. Shika gunia hilo."

Waliinama pamoja, wakalishika gunia la kwanza, wakavuta. Nyuma yao mtu akakohoa.

"Samahani. Hapa ndipo kwa chama cha mtaa?"

Mgeni alikuwa amewahi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mkoba begani, faili mkononi, na miguuni alivaa mabuti makubwa ya mpira, ya kufika magotini. Alikuwa amesoma lile ombi vizuri. Aliitazama ngazi, akayatazama mabuti yake, akaitazama tena ngazi. Jua lilikuwa kali. Mtaa mzima ulipiga makofi.

Walipanda. Mwenyekiti alitangulia akitoa hotuba ambayo nusu yake alikuwa ameanza kuijutia. Mgeni alifuata, mabuti yakilia pwaa, pwaa kwenye unga wa mbao, bila kuteleza hata kidogo. Mama Pacha alikuja nyuma na begi lake, akiona kila hatua inavyozidi kulipeleka jambo lao shimoni. Alipanga maneno akayapangua. Akisema ukweli, anawavua nguo majirani mbele ya mtu, baada ya siku tatu za jasho. Asiposema, mama mkwe wake atapunga kitambaa mpaka kaburini.

Juu kabisa, uani kwa mama mkwe, mgeni alifungua faili.

"Ombi lenu linasema watu kumi na tisa walianguka katika miezi mitatu." Alisema kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya zaidi. "Nimepanda hapa na mabuti makubwa kuliko miguu yangu, sijajikwaa. Mtu huangukia wapi?"

Seremala aliangalia kucha zake. Mwenyekiti alifungua mdomo, na Mama Pacha akajua kwamba kinachokuja ni uongo wa adabu, jitihada na mafanikio na kadhalika.

"Hapo ulipopita," alisema haraka. "Juzi palikuwa tope. Hii ngazi wamekutengenezea wewe. Wamesikia mgeni anakuja, wakaona haya. Mimi ndiye niliyewaambia tusiaibike, sasa nimeaibika peke yangu. Matairi yako nyuma ya nyumba ya muuguzi, ukitaka nikuonyeshe."

"Katibu!" alinong'ona mtu.

"Katibu nini? Mwacheni aseme," alisema mama mkwe. Alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, khanga mpya, fimbo magotini, daftari pembeni. "Mficha uchi hazai. Mama, karibu. Mimi ndiye wa nyonga, ukurasa wa kwanza."

Mgeni alimsogelea, akamwamkia. "Shikamoo, Mama. Sasa hivi na ngazi hii huwezi kushuka?"

"Marahaba. Wameniomba tangu jana nishuke, nipigwe picha. Njoo nikuonyeshe kwa nini sikushuka."

Aliinuka kwa fimbo, hatua fupi, hatua fupi, hadi kwenye gunia la juu kabisa. Akalichoma na ncha ya fimbo, mara moja tu. Gunia likatoa mchanga kama kikohozi, likanywea, na la chini yake likainama kuliitikia.

"Hii ni ngazi ya kuangaliwa," alisema mama mkwe. "Mvua moja, imekwenda. Nimevunjika mara moja kwa bahati mbaya. Sivunjiki ya pili kwa ajili ya picha." Kisha akanyoosha fimbo kuelekea ng'ambo ya barabara, kwenye bati la bluu, ambako kitambaa cheupe kilikuwa kinapepea kwa fujo. "Yule anayepunga ni mwenzangu. Tumecheza pamoja, tumeolewa mwaka mmoja, tumezika waume. Anataka kujua kama mnatujengea. Nimwambie nini?"

Mgeni alikitazama kitambaa kile. Alikaa kwenye kiti alichopewa, akavua buti moja, akakung'uta unga wa mbao, akawageukia wengine.

"Nani alifanya kazi hii?"

"Sote," alisema Breki, kichwa chini. "Mama, ukitaka kulaumu, nilaumu mimi."

"Wangapi?"

"Watu arobaini na watatu."

"Siku ngapi?"

"Tatu."

"Mliwalipa?"

"Kuwalipa?" Breki aliinua kichwa, amekasirika kidogo. "Ni kwao!"

Mgeni aliandika kwa muda mrefu. Hata kuku walisubiri. Mwishowe akapekua faili, akamwonyesha Mama Pacha ukurasa mmoja wa fomu.

"Hapa tuliuliza mchango wa jamii ni nini. Umeandika 'hakuna'."

"Nilidhani mnauliza pesa. Pesa hatuna."

"Dada, watu arobaini na watatu wamehamisha kilima kwa siku tatu, bure, kwa ajili ya mtu wasiyemjua. Na wewe umeandika hakuna." Alitikisa kichwa. "Bodi yetu inaogopa kitu kimoja: kujenga kitu ambacho wenyewe hawatakishika mkono. Siahidi chochote, kura si yangu peke yangu. Lakini ukurasa huu uandike upya. Nani atabeba nini, siku zipi, na ngazi ikivunjika baadaye nani anaitengeneza. Majina. Kibali cha manispaa pia, hamkukiweka. Nakupa wiki moja."

Akavaa buti lake. Wakati wa kushuka gunia la nne lilipasuka chini yake, akakaa kitako kwenye unga wa mbao mbele ya mtaa mzima.

"Wa ishirini," alisema mama mkwe, akalamba ncha ya kalamu, akaandika.

Wiki hiyo Mama Pacha hakushona hata kifungo. Alipita nyumba kwa nyumba na futi yake shingoni, kwa mazoea tu, akiuliza maswali ya fundi: wewe unaweza nini, siku gani, usiniambie utajaribu. Muuguzi, Jumamosi baada ya zamu, kokoto. Seremala, mbao za kumwagia zege, akiazimisha, si kutoa, naye alisisitiza iandikwe hivyo. Breki alikwenda kwa madereva wenzake wa zamani akarudi na ahadi ya lori kwa safari sita. Manispaa alikwenda na suti ile ile, akakaa kwenye benchi siku mbili mpaka karani akampa kibali ili apate kupumua. Mchungaji aliandikiwa maji. Na kwenye mstari wa matunzo, nyumba thelathini na mbili zilitia saini kufagia na kuziba nyufa kwa zamu, msimamizi mama mkwe, ambaye hakuna aliyediriki kumpinga.

Jibu lilichukua wiki saba. Lilipofika, Mama Pacha alilifungua dukani kwa mkasi wa kukatia kitambaa, akitafuta kwa jicho moja maneno "kila la heri". Hayakuwemo. Wakfu ungelipa saruji, nondo, vyuma vya kushikia pande zote mbili na fundi mmoja mkuu. Kubeba, kuchanganya na kumwaga ni juu ya mtaa. Ripoti kila baada ya miezi mitatu, na picha. Alisoma mpaka mwisho. Kisha akapanda mteremko mbio, akaanguka mara moja karibu na nyumba ya muuguzi, akafika juu na goti linavuja damu na barua imekunjika.

"Wamekubali, Mama!"

"Nimeona," alisema mama mkwe, akiandika. "Mzigo: barua."

Walijenga miezi miwili. Waligombana kuhusu upana, kuhusu koleo lililopotea, kuhusu nani alibeba kokoto na nani alibeba maneno. Fundi mkuu alitishia kuondoka mara mbili. Mara moja walimwaga zege mvua ikanyesha, ikabidi wavunje vidato vinane waanze upya, na siku hiyo hata Breki alitukana. Lakini ilikwisha: vidato mia moja na vinne, na vyuma vya kijani kushoto na kulia. Mwenyekiti akapanga uzinduzi Jumamosi, saa sita, utepe, hotuba tatu, mgeni wao ameshaalikwa. Mabuti aliambiwa ayaache nyumbani.

Jumamosi hiyo Mama Pacha alifungua duka mapema, ana mashati meupe ya shule ya kumaliza kabla ya sherehe. Alikuwa ameinama kwenye cherehani, pini mdomoni, aliposikia fimbo. Tok. Kimya. Tok. Hakuinua kichwa mara moja. Aliogopa kuinua.

Mama mkwe alisimama mlangoni mwa duka. Alikuwa amevaa viatu, si ndala. Viatu vyeusi vya kufunga ambavyo Mama Pacha hakuwa ameviona miguuni pake tangu mwaka juzi. Viganja vyote viwili vilikuwa kijani.

"Mama! Rangi haijakauka!"

"Nimeona."

"Utepe je? Mwenyekiti atasemaje?"

"Atakata utepe. Mkasi anao." Aliingia, akahema, akaegemea meza ya kukatia, na kiganja kizima, vidole vitano, kikabaki kwenye mgongo wa shati jeupe. Wote wawili wakalitazama.

Mama Pacha alitoa pini mdomoni moja moja. Akaona heri awe mkali. "Hilo shati ni la watu, Mama. Haya, kaa, upumzike. Nikuletee maji."

"Nikae nifanye nini? Sikuja kwako." Mama mkwe alijifunga khanga vizuri, akaweka fimbo mbele. "Napita tu."

Akatoka. Alisimama ukingoni mwa barabara, akatazama kulia, akatazama kushoto, akainua mkono wa kijani kulisimamisha gari lililokuwa bado mbali sana, akavuka. Ng'ambo, mlango wa nyumba ya bati la bluu ulikuwa tayari wazi.